MZIGO HAUJAFIKA: Kisa cha Ujiji na Manunuzi ya Leo ya Mtandaoni



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, siku hizi maswali mengi tunayoletewa baada ya darsa si ya twahara wala ya mirathi, bali ni ya simu. Mama ameona baibui katika picha, ametuma pesa kwa simu, amesubiri wiki tatu, na kilichokuja ni kitambaa chepesi cha rangi nyingine. Kijana ameagiza simu, akafungua boksi akakuta kipande cha sabuni. Mwingine hakuletewa chochote, na namba aliyoitumia pesa haipatikani tena. Wanauliza mambo mawili: je, kununua namna hii ni halali? Na je, pesa yangu nitaipataje? Hilo la pili ndilo linalouma, maana pesa yenyewe mara nyingi ni ada ya mtoto au ni akiba ya Idi.

Vijana wetu hudhani kuwa balaa hili limezaliwa na intaneti. Sivyo. Kununua kitu usichokiona, kwa mtu aliye mbali, kikaletwa na mtu wa tatu, ni jambo la kale sana. Na mji ulio jirani yetu kabisa, Ujiji, una kisa chake kilichoandikwa karibu siku kwa siku. Sisi wa Buyenzi, pamoja na wenzetu wa Rumonge, Nyanza-Lac na Uvira, wengi wetu tuna babu au bibi aliyetokea upande ule wa ziwa, kwa hiyo tunasoma habari za nyumbani.

KUAGIZA MZIGO KUTOKA PWANI

Katika karne ya 19, mtu aliyekaa Ujiji akitaka nguo, shanga, chai au dawa, aliandika barua kwenda Unguja. Barua ilibebwa na msafara hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha Bagamoyo, kisha ikavuka bahari. Mzigo nao ulirudi njia hiyo hiyo, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Richard Burton, aliyesafiri mwaka 1857, alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Tabora tu, na Ujiji bado iko mbele.

Na shida haikuwa masafa peke yake. Shanga zilikuwa ndiyo pesa ya njiani, lakini kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Burton anasema aina za shanga zilikuwa kiasi cha 400. Henry Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871, alielezwa kuwa shanga nyeusi zinapokelewa Ugogo na kwingineko hazina thamani, na kwamba zile kubwa ziitwazo sungomaji zinatakiwa Ujiji lakini nchi nyingine wanazikataa. Basi fikiri: mfanyabiashara ameagiza, mzigo umesafiri miezi minne au mitano, unafunguliwa, rangi siyo. Hana pa kuurudisha. Dada zetu wanaolalamika kuhusu rangi ya baibui wana wenzao wa tangu zamani.

YALIYOMPATA MZEE WA UJIJI

Mtu aliyetuachia maandishi mengi zaidi kuhusu mizigo ya Ujiji ni David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Huenda mtu akauliza mwalimu wa madrasa ana shughuli gani na mmisionari. Jibu ni kwamba yeye aliandika, na waliomhudumia, waliomdhulumu na waliomsitiri katika kisa hiki wengi wao ni Waislamu. Historia yetu imo katika daftari lake, tupende tusipende.

Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, akiwa mgonjwa sana, akitarajia kukuta mzigo aliouagiza kutoka Unguja. Aliukuta umepungua vibaya. Kati ya majora 80 ya kitambaa, kila jora yadi 24, majora 62 yalikuwa yameibwa, pamoja na shanga zake nyingi zilizo bora. Dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe kwa sababu njia ilikuwa na vita. Akaandika barua nyingine kuagiza upya, kisha mwezi Julai akavuka ziwa kwenda Manyema, katika Kongo ya leo. Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja la busara: aliacha bidhaa chache kama amana kwa Mwarabu mmoja wa Ujiji aitwaye Muhammad bin Salih.

Huko Manyema alikaa zaidi ya miaka miwili. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa pwani wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza samaki na vyakula. Waliouawa walikuwa mamia. Hatuna sababu ya kulificha jambo hili kwa kuwa waliolifanya walikuwa na majina kama yetu. Livingstone aligeuza njia, akarudi Ujiji amedhoofu, miguu ina vidonda. Alifika tarehe 23 Oktoba 1871, na tegemeo lake lilikuwa moja: ule mzigo mpya.

Mzigo ulikuwa umefika kweli. John Kirk, aliyeshika ubalozi wa Uingereza Unguja, alikuwa ameutuma kupitia matajiri wa Kibaniani, na msimamizi wa msafara alikuwa mtu aitwaye Sherif, fundi wa kushona nguo. Livingstone anadai kuwa safari ya miezi mitatu ilimchukua Sherif miezi kumi na minne, na kwamba njiani alikuwa akila na kunywa kwa mali ya mwenyewe. Alipofika Ujiji akauza kila kitu, akajinunulia pembe za ndovu na watumwa. Katika yadi 3,000 za kitambaa hakubakisha hata yadi moja. Katika ratili 700 za shanga hakubakisha hata uzi mmoja.

Na udhuru wake? Alisema ametazamia kwa Msahafu, na Msahafu umemwonyesha kwamba Livingstone amekufa.

Tena hakuishia hapo. Alimwandikia liwali wa Unyanyembe kwamba ametuma watu Manyema, wamerudi na habari za kifo, naye anaomba ruhusa ya kuuza mali iliyobaki. Na siku Livingstone alipotokea, Sherif alikuja kumpa mkono kama kawaida, bila haya.

Mimi katika kisa chote hiki kinachonichoma ni hili la Msahafu. Wizi tumeuzoea. Lakini kuchukua Kitabu cha Allah, ambacho kinatuamrisha katika Suratun-Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe, ukakifanya chombo cha ramli ili upate kuila amana, ni jambo zito. Wanavyuoni wengi wamekataza kutazamia kwa Msahafu hata kwa shughuli ya halali, sembuse kwa dhulma. Na hata kama Sherif angekuwa na shaka ya kweli kuhusu uhai wa mwenye mali, fiqhi imekwisha kumjibu kitambo: mtu aliyepotea na habari zake hazijulikani, mali yake huhifadhiwa, haigusi mtu, mpaka upatikane ushahidi wa kifo chake au kadhi ahukumu. Mpagazi na msimamizi hawana nafasi katika hukumu hiyo.

Wapo pia wengine wawili ambao vitabu vya shule huwasahau. Wa kwanza ni yule Muhammad bin Salih. Zile bidhaa chache alizoachiwa mwaka 1869 zilikuwepo, na ndizo zilizomwokoa Livingstone asiombe chakula mitaani. Wa pili ni tajiri wa Ujiji aitwaye Said bin Majid. Huyu alimwendea Livingstone, akasubiri wabaki peke yao, kisha akamwambia kwamba yeye hana bidhaa kwa wakati ule ila ana pembe, basi amruhusu auze pembe kiasi amletee bidhaa za kujikimu. Livingstone alimshukuru, akasema ngoja kwanza. Tazameni adabu ya mzee huyu: hakutaka kumuaibisha mtu aliyefilisika mbele ya watu. Ujiji ile ile, msikiti ule ule, na Sherif akiwa mtaa wa pili.

Siku chache baadaye alifika Stanley. Alikuwa amemletea Livingstone mfuko wa barua alioukuta umekwama Unyanyembe kwa sababu ya vita vya Mirambo. Mfuko uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Msafara uliopewa kuubeba ulikuwa umekaa Bagamoyo zaidi ya siku mia bila kuondoka, na ilikuwa mpaka balozi Kirk mwenyewe alipovuka bahari ndipo ukafungasha. Stanley anahesabu kuwa barua zilimfikia mwenyewe siku ya 365.

SHERIA ILIKUWEPO TAYARI

Sasa turudi nyuma zaidi, kwa sababu maswali ya kina mama wa leo yalikwisha kujibiwa Madina. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuvunwa. Hakuwakataza. Imepokewa na Ibn Abbas, katika Bukhari na Muslim, kwamba aliwaamrisha anayelipia mapema alipie kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Biashara hii ndiyo iitwayo salam. Pesa hutangulia yote, bidhaa hufuata, na bidhaa haitakiwi iwepo mbele yako ila itakiwe kuelezwa sawasawa. Na ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inaamrisha deni la muda liandikwe. Imepokewa kuwa Ibn Abbas aliiona salam kuwa imo ndani ya aya hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza, kununua mtandaoni ni halali. Kinachoharibu ni vitu vingine vinavyoingizwa humo.

Kimojawapo ni kuuza usicho nacho. Swahaba Hakim bin Hizam alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba watu humjia wakitaka kitu asicho nacho, naye humuuzia mtu kisha akaenda sokoni kukinunua. Akakatazwa. Leo vijana wetu wengi wanafanya hivyo hivyo: wanachukua picha ya mwenye duka la Guangzhou au Dubai, wanaibandika katika kundi la WhatsApp, wanapokea pesa za watu kwa kiatu maalumu ambacho hawajawahi kukishika. Mwenye duka akiishiwa, au akipandisha bei, hapo ndipo uongo unapoanza: mzigo uko bandarini, mzigo umekwama Kobero, subiri Jumatatu. Kijana anayetaka kuifanya kazi hii kwa halali ana njia nyepesi. Ajitaje kuwa ni wakala, achukue ujira wake wazi wazi, na awaambie watu anawanunulia kutoka kwa fulani. Au afunge mkataba wa salam kamili, na hapo bidhaa yenye sifa zile imekuwa deni shingoni mwake, ataitafuta popote.

Kingine ni picha. Ipo hadithi mashuhuri katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini. Mwenye rundo akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile yenye maji juu watu waione. Picha ya simu ni ile nafaka kavu ya juu. Mwaka juzi madrasa yetu iliagiza misahafu 30 ya maandishi makubwa kwa ajili ya wazee wanaosoma baada ya alasiri. Ikaja ya mfukoni, herufi kama mchanga. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alituambia kuwa picha ilikuwa ni mfano tu. Tulipomwonyesha ujumbe aliotuandikia mwenyewe wenye vipimo vya kurasa, alirudisha nusu ya pesa. Nusu nyingine tunaidai mpaka leo. Bila ujumbe ule tusingepata hata hiyo nusu.

Na mzigo ukipotea njiani, hasara ya nani? Hapa watu wengi wanadhulumiana kwa kutojua. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, bidhaa iko katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi aipokee. Ikiwa muuzaji ndiye aliyechagua dereva au boti, na mzigo ukapotea, basi bado unadai. Lakini ikiwa wewe ndiye uliyemtuma mtu wako akachukue dukani, mkono wake ni mkono wako, na kupokea kwake ni kupokea kwako. Huyo mtu wako naye ni mwenye kuaminiwa: kikiharibika bila uzembe wake halipi, ila akivuka mipaka, akakitumia, akakiuza, akakicheleweshea makusudi, amana imegeuka kuwa deni. Sherif wa Ujiji alidaiwa yadi zote 3,000.

WENGINE WALIVYOHANGAIKA NALO

Ulaya na Marekani nao walipita njia hii kabla ya kompyuta. Huko Wales, katika mji wa Newtown, Pryce Pryce-Jones alianza mwaka 1861 kuuza vitambaa vya sufu kwa posta, akisaidiwa na reli iliyofika mjini kwake. Marekani, mwaka 1872, Aaron Montgomery Ward wa Chicago alitoa karatasi moja ya orodha ya bei kwa wakulima wa mashambani. Watu hawakumwamini, na mwaka 1873 gazeti la Chicago Tribune liliwaonya wasomaji kwamba ni tapeli, kisha likalazimika kujisahihisha. Mwaka 1875 Ward akatangaza kuwa asiyeridhika na bidhaa airudishe na atapewa pesa yake. Wakulima walisadiki walipoona pesa zinarudi kweli. Sisi katika fiqhi tunaita khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu kilichofichwa dosari yake, na kwetu haikungoja mwenye duka atangaze ukarimu.

Intaneti ilipokuja, Amazon ikauza kitabu cha kwanza mwaka 1995, na eBay ikaanza mwaka huo huo, swali likawa lile la Bagamoyo: nani atangulie, pesa au mzigo? Wachina walilijibu vizuri. Soko la Taobao lilianza kutumia Alipay, ambapo pesa ya mnunuzi inakaa kwa mtu wa kati, na muuzaji hapewi mpaka mnunuzi athibitishe kuwa amepokea. Aliyesoma mlango wa rahani atamkumbuka yule aitwaye adli, mtu mwaminifu anayewekewa kitu na pande mbili zilizoshindwa kuaminiana. Afrika, kampuni ya Jumia iliyoanza Nigeria mwaka 2012 ilizoesha watu wengi kulipa mlangoni mzigo ukifika. Utaratibu huo humpa mnunuzi nafasi ya kutazama kwanza, ila gharama ya kila mzigo unaokataliwa humwangukia muuzaji. Jumia yenyewe ilifunga kazi zake Tanzania Novemba 2019.

Kwetu sisi wengi bado tunanunua kwa kujuana: picha katika kundi, namba ya simu, pesa inatumwa. Hakuna adli. Lakini hakuna kinachowazuia watu wa mtaa mmoja kumteua mmoja wao, muuza duka anayejulikana au mzee wa msikiti, akashika pesa siku kumi mpaka mzigo ufunguliwe mbele yake. Nimeona ndugu wa Uvira na wa hapa wakifanya hivyo kwa vitenge, na ugomvi ukapungua.

KISA KILIVYOISHIA

Turudi Ujiji, kwani kisa hakikuishia kwa Sherif. Stanley na Livingstone walikwenda pamoja hadi Unyanyembe, na Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi 1872 akiahidi kuleta watu. Livingstone alisubiri miezi mitano. Safari hii ahadi ilitimia: tarehe 14 Agosti walifika watu 57 kutoka Unguja, na msafara ukaondoka kuelekea kusini.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, hawakuwa na bwana wa kuwasimamia, wala hakuna mtu pwani aliyejua walipo. Mali ya marehemu ilikuwa mikononi mwao, na pori ni kubwa. Walichofanya kwanza ni kuwakusanya wenzao wote, wakafungua masanduku mbele ya kila mtu, na kijana aliyejua kuandika, Jacob Wainwright, akaorodhesha kilichomo. Kisha wakaukausha mwili, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaanza kutembea.

Unyanyembe walikutana na Mwingereza Verney Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Walikataa. Cameron akafungua masanduku, akachukua vipimo vya marehemu kwa matumizi yake, nao hawakuwa na uwezo wa kumzuia. Mbele kidogo, walipoona wenyeji wa njiani hawataki maiti ipite, waliufunga upya mwili uonekane kama mtumba wa nguo wa kawaida, wakawatuma wenzao na furushi la uongo kana kwamba wanarudi kuzika. Februari 1874 waliingia Bagamoyo na kukabidhi mzigo. Wakalipwa ujira wao, wakatawanyika.

Wallahu a'lam.